Jogoo Ambaye Kiofisi Hajafika

Jumamosi nilikwenda kuchukua baiskeli yangu kwenye ofisi ya mizigo ya kampuni moja ya mabasi hapa Kisumu. Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyetumiwa jogoo kutoka Awasi. Wakwe zake walikuwa wanafika mchana uleule.

Karani, kaptura yake imekazwa kwa wanga, aliwahi kwenda Nairobi kujifunza ukarani, na tangu arudi hasemi na watu kama watu.

"Mama, mzigo wako unashughulikiwa," alisema bila kuinua macho.

"Na nani?"

"Na ofisi."

Nyuma ya mlango, jogoo akawika.

"Yawa, jamani! Si huyo ananiita?"

"Hiyo ni sauti tu, Mama. Kiofisi, hajafika mpaka Bwana Mkubwa arudi kutoka chai na kuthibitisha."

Jogoo akawika tena, safari hii kama mtu aliyetukanwa. Mama akakaza leso kiunoni, akazunguka kaunta, akafungua ule mlango, akatoka na jogoo wake kwapani.

"Mama! Unapeleka wapi mzigo wa ofisi?"

"Mzigo gani, Bwana Karani? Si umesema haujafika?"

Karani akafungua daftari lake, akapekua kurasa, akalifunga. Inaonekana jibu la swali hilo hakufundishwa kule Nairobi. Mama akatoka bila haraka, jogoo akitutazama sote kwa dharau.

Ikawa zamu yangu. Nikaulizia baiskeli yangu.

"Inashughulikiwa," karani akasema.

Hadi leo naenda kazini kwa miguu. Shida yangu ni moja tu: baiskeli haiwiki.