Jiwe la Dada Halitoki

Dada yangu mkubwa mtaani wanamwita Mama Jiwe. Jina limetokana na kaunta ya jikoni kwake, bapa la marumaru nyeupe lenye mshipa wa kahawia pembeni. Marehemu shemeji alikuwa fundi wa karakana ya mawe. Alilichonga kutoka kipande kilichokataliwa na mteja, akasaidiwa na wenzake kulibeba mpaka nyumbani.

Alipofariki, dada aliendelea kulitunza kama alivyomwelekeza: maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo, kisha kulikausha kwa kitambaa laini. Sufuria ya moto hukaa juu ya kibao. Limau halikatwi pale. Mimi mwenyewe nimewahi kunyang'anywa kikombe kabla sijakitua.

Mwanawe ni mmoja tu, na jikoni alizoea kuingia kula tu. Alipokuja likizo akamkuta mama yake kalala na mafua, akaamua kumsaidia usafi. Akaliona doa la chai la zamani, akalimwagia siki, akaiacha ikae huku yeye akiosha vyombo. Siki hula marumaru. Alipofuta, doa lilikuwa bado lipo, ila mng'aro ulikuwa umetoka eneo la upana wa sinia.

"Limeharibika, mama. Lakini usijali, nakuwekea vigae."

Hakusema kwa ubaya. Kesho yake maboksi ya vigae yakafika, na fundi nyuma yake, ana nyundo na patasi.

Dada akaweka viwiko vyote viwili juu ya jiwe.

"Halitoki."

"Mama, fundi ameshafika."

"Karibu, fundi. Kiti kile pale. Jiwe halitoki."

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, wewe ni mtu mzima mwenzake. Mwambie."

Mimi si msemaji. Tangu utotoni, hata dukani dada ndiye aliyekuwa akinisemea. Nikatazama vidole vyangu.

"Mimi naona lisitoke," nikasema, taratibu mno hadi fundi akauliza nimesema nini.

"Amesema lisitoke," dada akamjibu.

Akainama chini ya sinki, akatoa msasa laini wa shemeji, ule wa kusugulia na maji. Nilidhani atasugua palipofifia. Akaanza palipong'aa.

"Mama, sasa unaharibu hata palipopona!"

"Siki yako imetoa mng'aro hapa. Mimi nautoa wote. Nani kasema lazima ling'ae?"

Fundi akacheka. "Utasugua mpaka lini, mama?"

"Mpaka uchoke kusubiri, baba."

Nikachukua kipande cha msasa, nikaanza upande wa pili. Tulimwaga maji, tukasugua, tukafuta, tukamwaga tena. Uji mweupe ukatiririka hadi kwenye sinki. Mabega yaliniwaka moto, lakini dada, na mafua yake, hakuinua kichwa, nami nikaona aibu kupumzika. Fundi alitazama saa, akatazama mlango, mwishowe akakusanya nyundo na patasi yake akaaga.

Mpwa alibaki kasimama kanuna. Kisha akasogea, akapitisha kiganja juu ya jiwe. Lilikuwa limefifia lote sawasawa, laini kama ganda la yai. Palipomwagika siki hapakuonekana tena.

"Doa la chai bado lipo," akasema.

"Lipo. Baba yako ndiye aliyemwaga chai hiyo. Aliniwekea sheria zote hizi, halafu yeye mwenyewe akamwaga."

Mpwa akacheka bila kutaka. Dada akamtupia kitambaa. "Kausha."

Lilipokauka kabisa tukalipaka dawa ya kuzuia madoa. Dada akadondosha tone la maji juu yake. Likasimama, jiwe halikulinywa.

Mpwa akija siku hizi na machungwa, huyamenyea nje. Vigae vyake bado viko kwenye maboksi, vimepangwa kando ya ukuta nyuma ya nyumba. Dada huanika juu yake vitambaa vya jiwe.