Matawi Matatu ya Njeru

Enzi zetu gari likipinduka mashindanoni, hapakuwa na simu ya kurudisha picha nyuma uone kosa ni la nani. Kulikuwa na midomo tu, na kila mdomo ulikuwa na ajali yake. Wewe uliyekulia nyanda kavu za Mbeere, kati ya Siakago na Kiritiri, unajua ninachosema. Mashindano ya magari yalipita kwetu siku moja kwa mwaka, tena si kila mwaka, lakini ubishi wake tuliula na kuunywa mpaka mvua inyeshe, na mvua ya kwetu mnaijua ilivyo na maringo.

Sisi watoto tuliyajua magari kwa masikio. Tulilala kifudifudi, sikio kwenye mchanga wa moto, tukibishana kama linalokuja ni lori la mchanga au ni la makaa. Kaka zangu waliunda magari ya waya, magurudumu wakayakata kwenye kandambili kuukuu, na siku moja kwenye kandambili za Mama ambazo hazikuwa kuukuu hata kidogo. Shuleni tulibeba githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Ikifika mchana imeanza kuchacha, na huo ndio ulikuwa utamu wake. Kijana wa leo mpe githeri ya jana, atakuuliza parachichi iko wapi.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu nje ya shule ilikuwa mbuzi. Kiangazi kilikuwa kimetukaba koo. Mbuzi wetu kumi na wawili walikuwa wamebaki mbavu, na Baba hakuchoka kuniambia, "Wanja, mbuzi akikonda, ujue mchungaji amelala." Chakula kilichobaki kilikuwa majani ya mukau, mti wa kwetu unaokaa kijani hata kila kitu kingine kikikauka. Lakini matawi ya chini yalikuwa yamekatwa yote na majirani, na ya juu sikuweza kuyafikia.

Mwaka huohuo ukoo wetu ulikuwa na mtu mashindanoni. Njeru, mdogo wake Baba, alikuwa na gereji ndogo Siakago, na dereva mmoja, Salim mwenye bucha mjini Embu, alimchukua akae kando yake amsomee barabara: kona hapa, shimo pale, mto mbele. Tulivimba vichwa. Mpinzani wao mkubwa alikuwa Kobia kutoka Laare, dereva wa pick-up za miraa. Watu wa miraa mnawajua. Mzigo wao ukichelewa ni takataka, kwa hiyo dereva wao hajui kwenda polepole hata akiwa anaenda kanisani.

Siku yenyewe tulikatazwa kabisa kupeleka mbuzi karibu na barabara. Nikawapeleka. Niliwaficha nyuma ya vichaka juu ya kilima, mahali ambapo barabara huteremka ghafla hadi mto mkavu wa mchanga, nikakaa kungoja. Gari la Salim lilifika mbele ya mengine yote. Likapita, vumbi likanifunika, likazama bondeni. Sikuliona likitoka upande wa pili. Mlio ukakatika.

Punde nikamwona Njeru akipanda kilima mbio, panga mkononi. Aliukwea mukau mrefu wa kando ya barabara, akakata matawi matatu makubwa, akayalaza katikati ya njia, moja nyuma ya jingine, kisha akarudi bondeni kusukuma gari. Hakuniona. Kila mtu kwetu anajua maana ya matawi barabarani: mbele kuna gari limekwama, punguza mwendo. Na kila mtu anajua pia kwamba gari likishatoka, hakuna anayejisumbua kurudi kuyaondoa. Hubaki palepale mpaka yakauke.

Nikangoja. Kisha nikasikia injini ikiwaka bondeni, ikanguruma kwa nguvu. Nikasema moyoni, haya, wameenda. Nikayatazama yale majani mabichi yakiungua bure juani, nikawatazama mbuzi wangu. Nikayavuta kichakani, moja baada ya jingine. Mbuzi walikuwa hawajamaliza tawi la kwanza niliposikia gari la pili likija.

Injini ya Salim haikuwa imeenda popote. Ilikuwa imewaka, ikazimika tena kwenye mchanga uleule. Kobia alifika juu ya kilima na mwendo wake wote, kwa sababu hakuona kitu cha kumfanya apunguze. Nilisikia breki, kisha nikasikia bati. Alilikwepa gari la Salim kwa unene wa kidole, akagonga ukingo wa mto, gari likabingirika. Alipotolewa, mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika mara mbili.

Ubishi ulianzia kwenye vumbi lile, na kufikia alasiri ulikuwa umehamia mbele ya maduka ya Kiritiri. Msimamizi wa mashindano, mwanamume mfupi mwenye filimbi shingoni, alisimama katikati na daftari. Watu wa kwetu walimlaumu Kobia.

"Mtu anashuka kilima kama hiyo na hajui chini kuna nini, hiyo ni makosa ya nani?" aliuliza mmoja.

"Hii ni race, si harusi," akajibu Mmeru aliyekuja na Kobia. "Ulitaka aende pole pole apungie watu mkono?"

Kobia mwenyewe alikuwa amelazwa nyuma ya pick-up, mguu umefungwa kwa mbao mbili, wakitafuta petroli ya kumfikisha hospitali. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, lakini aliinua kichwa. "Mimi nimeendesha miaka kumi," akasema. "Ningeona tawi moja, moja tu, ningeshika breki. Hakukuwa na kitu."

Hapo umati wote ukamgeukia Njeru, kwa maana kuweka matawi ilikuwa kazi yake.

"Niliweka," akasema Njeru. "Niliweka tatu, na hii mkono."

"Twende tuone," akasema msimamizi.

Walikwenda wakarudi, na mimi muda huo wote nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama nikiushika mwisho wa leso yake. Hawakukuta kitu ila changarawe. Mukau ulikuwa na vidonda vibichi vya panga, ndiyo, lakini kiangazi kile ni mukau gani haukuwa na vidonda? Na alama za kuburuta zilikuwa zimekanyagwa na watu waliokimbilia ajali. Mbuzi wangu nilikuwa nimewarudisha nyumbani mbio, pamoja na yale matawi, nikayatupa zizini.

Salim, ambaye alikuwa mtu mpole, alimshika Njeru bega. "Njeru, sema tu ulisahau. Mtu anaweza sahau."

"Sikusahau."

"Basi ziko wapi?"

Njeru alivitazama viganja vyake. Nilikuwa namtazama usoni. Nikavuta leso. "Mama," nikasema, "yale matawi..."

Mama hakugeuka hata. "Wanja, wakubwa wakiongea, mtoto anafunga mdomo."

Nikaufunga. Na leo nakiri kwamba niliufunga kwa shukrani.

Msimamizi aliandika kwenye daftari lake kwamba kosa ni la Njeru, na kwamba hatakaa tena ndani ya gari la mashindano. Hilo angelivumilia. Lakini nani atampa gari alitengeneze mtu anayesahau? Wenye magari wa Siakago wakaanza kwenda Embu kutafuta fundi. Sokoni Kiritiri, ukimwambia mwenzako kwamba umefunga mlango au umeweka chumvi, alikuuliza, "Umeweka, ama umeweka kama Njeru?" Watu wakacheka, na watoto wao wakalirithi neno bila kujua lilikotoka. Kabla ya mwaka kuisha gereji ikafungwa. Njeru akaenda kuchimba mchanga mtoni, kazi ambayo ilimpinda mgongo.

Mimi nilikuwa na kitu cha kunifariji. Jioni ya siku ile ya ajali Njeru alikuja kwetu, akasimama kwenye zizi muda mrefu, akiwatazama mbuzi na vile vijiti vilivyobanduliwa maganda. Kisha akanitazama mimi. Akaenda zake. Kwa miaka arobaini na zaidi nilijiambia: anajua, na amenisamehe. Nililala na imani hiyo, nikasoma nayo, nikaenda nayo chuo cha ualimu. Kila Krismasi nilimpelekea sukari na blanketi, na kila aliposema asante niliona ni mambo ya watu wawili wanaoelewana.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwake tunakunywa chai. Wajukuu wake wawili, vijana wa boda boda, walikuwa wameinamia simu wakitazama mbio za magari ambamo gari moja lilikuwa limeligonga jingine lililokwama.

"Rudisha, rudisha," akasema mkubwa. "Unaona? Huyo dere ameingia na speed mob."

"Zii, si dere. Hao wa gari imekwama hawakushow mtu," akasema mdogo. "Wameweka sign kama Guka."

Wakaangua kicheko. Na Njeru, huyo Guka, babu yao mwenyewe, naye akacheka, mzee wa watu, akikoroga chai yake. Alicheka kama mtu aliyezoea. Kicheko kile kiliniuma kuliko kama angelia.

"Matawi aliyaweka," nikasema.

Vijana wakainua macho. Njeru akaacha kukoroga. "Unasema nini, Wanja?"

"Nilikuona ukiyaweka, baba mdogo. Nilisikia injini ikiwaka nikadhani mmeenda. Nikayachukua nikawapa mbuzi."

Nilingoja aseme kwamba alijua. Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo tangu utoto. Alikiweka kikombe chini, chai ikamwagika kwenye sahani yake.

"Yalikuwa ngapi?"

"Matatu."

"Ya mti gani?"

"Ya mukau."

Aliimimina chai ya sahani, akairudisha kikombeni. "Mimi nilishaacha kujiamini," akasema hatimaye. "Nilikuwa najiuliza, labda nilikata tu, nikaacha chini ya mti. Labda ni ndoto nilikuwa nayo. Mama ya watoto aliniuliza mpaka akachoka. Mwisho nikamwambia, pengine ni kweli sikuweka. Amekufa akijua nilisahau."

"Lakini ulikuja kwa zizi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Ukaangalia vijiti. Ukaniangalia."

"Nilikuwa naangalia mbuzi," akasema. "Nilikuwa nafikiria nitaomba baba yako mbuzi gani, niuze, nimsaidie Kobia na hospitali."

Kisha akamwomba mjukuu wake amtafutie mtu wa Laare anayemjua Kobia. Simu tatu au nne zilipigwa kwa nusu saa mpaka namba ikapatikana, na muda huo wote hakuna aliyeigusa chai wala kunitazama. Njeru aliishika simu kwa mikono miwili.

"Kobia? Ni Njeru wa Siakago. Eeh, huyo. Nilitaka kukuambia niliweka. Niliweka tatu." Akasikiliza kwa muda mrefu. Hatukusikia Kobia alijibu nini. Njeru akairudisha simu, akatoka nje, na sikumwona tena mpaka nikaondoka.

Rika langu hupenda kusema kwamba watoto wa zamani walikuwa na adabu, si kama hawa wa siku hizi wanaomkatiza mtu mzima maneno. Nimelisema hilo darasani miaka mingi, tena kwa majivuno. Naikumbuka bado ile githeri, ule mchanga wa moto sikioni, mlio wa gari kabla halijaonekana, na ningerudi kesho kama ningeweza. Lakini adabu yetu sasa naijua ilikula nini. Njeru hajapokea simu yangu tangu Jumapili. Jana nikiwa nafundisha, msichana mmoja wa darasa la nne alinikatiza bila hata kuinua mkono, na nilikuwa nimeshageuka kumkanya. Nikaiweka chaki chini, nikamwambia aseme.