Gia za Baba Mkwe

Mpaka leo nikisikia gia ya baiskeli ikisema tik, damu hunichemka.

Mume wangu Kipkurui alikuwa na baiskeli kuukuu ya mashindano, na katika milima hii yetu ya chai hakuna aliyemshinda. Mkono wake wa gia haukuwa na tik yoyote. Unausukuma polepole huku unasikiliza cheni inavyolia. Ikinyamaza, basi, gia imeingia. Kipkurui aliijua kwa sikio, hata kuangalia haangalii.

Halafu mwaka wa tisini na nne, wiki ya mashindano ya Sotik, baba yangu akatuletea makuu yake. Mzee Chepyegon, mwenye ng'ombe wa gredi na mdomo usiofungwa! Alijua kabisa kwamba mshindi angechukuliwa timu ya mkoa na kuandikwa kazi, na kazi tulikuwa tumeitafuta mpaka tukachoka. Mbele ya wageni akatoa mfukoni mikono mipya ya gia, ile ya kisasa: sukuma, tik, gia moja, sukuma, tik, ya pili.

"Funga hii, mkwe. Nitasimama juu ya mlima wa Kaplong niisikie."

Kipkurui akatazama meno ya nyuma ya baiskeli yake, akajua hapo hapo. Kila tik imepimiwa meno ya aina yake, na yetu yalikuwa ya zamani, yameachana vingine. Cheni ingebaki katikati, haiko huku wala huku. Lakini kwetu zawadi ya baba mkwe hairudishwi. Akasema, "Asante, baba," akafunga.

"Wewe mwanamume, una wazimu?" nikamuuliza kwa siri.

"Tecla, ni baba yako."

Siku yenyewe Kipkurui alitokea chini ya mlima akiwa mbele ya wote. Tik! Cheni ikaruka. Tik! Ikaruka tena, miguu ikazunguka bure. Wakampita mmoja baada ya mwingine, hata wale aliozoea kuwaacha mbali nyuma. Aki nililia kwa hasira, mchana kweupe, mbele za watu.

"Mmesikia hiyo tik?" baba akawaambia marafiki zake. "Bila gia zangu hata hangemaliza."

Na Kipkurui, jasho likimtiririka, akajibu, "Kweli, baba. Asante."

Heshima si utumwa, eti! Nilimfokea njia nzima ya kurudi, yeye anasukuma baiskeli tu. Tulipopinda kona, baba haonekani tena, Kipkurui akainama. Kwenye mkono wa gia kulikuwa na kipete kidogo. Akakizungusha, tik ikafa, mkono ukawa laini kama ule wa zamani. Akapanda baiskeli, akakikwea kilima kilichobaki, cheni hata hailii.

Nikamkuta juu, nahema.

"Hicho kipete ulikijua lini?"

"Siku ile nilipofunga."

"Na mbona hukukizungusha kule mlimani? Mbona, Kipkurui?"

"Baba yako alikuwa anasikiliza."