Maji Yaliyotolewa Dawa

Samaki niliachiwa na mteja wangu wa saluni. Alikuwa anahamia ng'ambo, na mara ya mwisho alipokuja kusukwa alileta sanduku la kioo kwenye buti ya gari, na samaki wekundu ndani ya ndoo yenye kifuniko. "Watakuondolea upweke," akasema. Sikuwa nimemwambia kwamba nina upweke, lakini nilipowaona nikawapenda.

Mara ya kwanza niliwabadilishia maji kama mtu anayeosha sufuria. Nikamwaga yote, nikafungulia mfereji wa uani, nikawajazia mapya. Kabla chai haijachemka walikuwa juu wakitweta, midomo nje. Wawili walikufa. Mwenye duka la vyakula vya mifugo mjini ndiye aliyenieleza.

"Maji ya mfereji yametiwa dawa ya kuua vijidudu," akasema. "Wewe unakunywa, hayakudhuru. Samaki anapumua ndani yake, yanamchoma mashavu."

Akanifundisha kubadilisha sehemu tu ya maji, na kuacha ndoo wazi kutwa kucha hadi harufu ya dawa iishe. Nikiwa na haraka, nitie chembe chache za dawa nyingine, nyeupe kama sukari, inayovunja nguvu za ile ya kwanza.

Chumba changu ni kimoja na kimejaa, kwa hiyo ndoo zilikaa verandani. Ploti yetu iko pembeni mwa mji wa Kakamega, vyumba vinatazamana, na jambo la mtu huonwa na wote. Kila jioni nilihisi macho mgongoni nikitia zile chembe. Jirani wa mkabala, mama anayekaanga mandazi, aliacha kunisalimia kwanza. Nikimsalimia, anajibu akiangalia ndoo.

Kisha mwanawe mdogo akaanza kuharisha. Baada yake, watoto wengine wawili.

Mwenye nyumba alikuja asubuhi na bakora yake. Sote humwita Kukhu, yaani nyanya, na hata wapangaji wenye mvi humwinamia. Akasimama juu ya ndoo zangu.

"Mwanangu, hii ni nini unawekanga kwa maji?"

"Ni dawa ya samaki, Kukhu. Inatoa ile dawa ya mfereji."

"Inatoa?" Akawageukia wanawake waliokuwa wamejikusanya. "Sasa serikali inaweka dawa ndiyo watoto wasiugue, na wewe unaitoa?"

Nilijaribu kueleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyosikika kama mwongo. Mama wa mandazi akasema watoto huchota vikombe kwenye ndoo zangu wakicheza. Hilo sikuwa nimeliona, na liliniingia kama mwiba, kwa sababu sikuweza kulikana.

"Kunywa," Kukhu akasema.

Akachota kikombe mwenyewe. Nikanywa mbele yao hadi tone la mwisho. Walingoja, nadhani, nianguke. Sikuanguka, wakatawanyika, lakini tangu hapo nikimkuta mtu mferejini alimwaga alichokuwa amekinga akaanza upya.

Nami nikaanza kuwashuku wao. Siku moja nilikuta povu la sabuni ndani ya ndoo. Huenda lilirushwa na mtu anayefua karibu, huenda sivyo. Nikaingiza ndoo zote ndani, nikawa nazipita kando-kando kwenda kitandani, na sikuwamiminia samaki maji yoyote kabla ya kuyanusa.

Kunusa huko ndiko kulikonishtua. Nilikuwa nimeizoea harufu kali ya dawa maji yanapotoka tu, na sasa haikuwepo. Nikakinga tena, nikainamia. Hakuna dawa, bali harufu fulani nyepesi, kama ya majani yaliyolowa. Nikamfuata Kukhu nyumbani kwake.

"Kukhu, maji yanatoka bila dawa. Mimi sijayagusa. Naomba tangi lifunguliwe."

Aliegemea bakora yake. "Unataka kuhamisha kesi yako ukaiweke kwa tangi langu?"

"Nusa tu."

Alinusa, akatema mate kando, akamwita fundi wa bomba. Fundi akapanda ngazi hadi kwenye tangi jeusi linalolisha mifereji yote ya ploti, akatazama ndani, akageuza uso. "Kifuniko kimesogea," akaita. "Kuna njiwa humu. Wameoza, na uozo umekula dawa yote."

Mama wa mandazi akaketi chini palepale, mkono mdomoni. Tangi likamwagwa, likasuguliwa, likatiwa dawa na kujazwa upya, na Kukhu akaamuru kila mtu achemshe maji ya kunywa. Watoto walipelekwa hospitali, wakapewa dawa, wakapona. Mimi pia tumbo lilinisumbua siku chache, maana hata maji ya kikombe kile yalitoka kwenye tangi lilelile. Sikumwambia mtu.

Nilidhani yameisha. Lakini fundi alipokuwa akikunja mpira wake wa maji, Kukhu aliuliza, bila kumtaja mtu, "Na kifuniko kizito hivi, kilisogezwa na nani?" Watu wakatazamana. Wengine wakanitazama mimi. Nikasema upepo. Fundi naye akasema upepo. Kukhu akaguna.

Mama wa mandazi alikuja mlangoni siku nyingine na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Hakuingia. Aliwatazama samaki wakizunguka ndani ya kioo.

"Na hawa, huwakulangi?"

"Siwali."

"Sasa ni wa nini?"

"Ni wa kuangalia tu, dada."

Alifikiri kidogo, akaniachia sahani mkononi. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajakubali, akavuka uani kurudi kwake. Mandazi yalikuwa moto. Niliyanusa kwanza, kisha nikayala yote.