Mwito wa Chumvi

Ukiulizia studio ya Gaëlle pale Mweso, watakuonyesha chumba cha mbao nyuma ya kibanda cha kuchajia simu, chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili kelele za pikipiki zisiingie. Zinaingia hata hivyo. Mwenyewe utamkuta kainamia kompyuta, kitenge mabegani, anakata sauti na kuziunga kama mama anayechambua maharage: hii mbovu, hii nzuri, hii ingoje kwanza. Haiwezekani kumjua Gaëlle usimpende, hata anapokera.

Na anakera kwelikweli. Wasanii wamempa jina la Mama Ruhusa. Miaka ya nyuma mtu fulani alichukua mdundo wake wa ngoma, akauongeza mwendo, akaubandika jina lake, na Gaëlle akausikia kwa mara ya kwanza kwenye harusi, sahani ya wali mkononi. Alilia mpaka macho yakavimba. Tangu siku hiyo, ukimletea kipande cha wimbo wa mwingine, hata cha pumzi mbili tu, atakuuliza: nani aliutunga, na nani aliurekodi? Maana hao wanaweza kuwa watu wawili, na wote wawili lazima waombwe kabla wimbo haujatoka. Ukimwambia "tuibadilishe kidogo tu, hakuna atajua," atakuonyesha mlango. Aliwahi kupanda pikipiki mpaka Sake, mvua yote kichwani, kwenda kumwomba mwalimu wa kwaya "Amina" moja. Alirudi na ruhusa na mafua.

Sasa sikia alivyoteleza mtu huyo huyo.

Juu ya mji, kwenye malisho ya kilimani, Papa Léonard huchunga ng'ombe wa Papa Barthélemy. Asubuhi moja Gaëlle alipita karibu na uzio akamsikia akiwaita. Sauti ilianzia chini kifuani, ikapanda, ikakatika kidogo kooni, halafu ikashuka taratibu. Ng'ombe wakainua vichwa, wakaja. Gaëlle akasisimka mwili mzima. Akatoa simu, akarekodi, akateremka zake bila kumwomba mtu. Mama Ruhusa! Hakuna maneno mle, alijiambia, hakuna aliyetunga, ni kama sauti ya mvua. Akauweka ule mwito mwanzoni mwa wimbo wa kijana mmoja mwimbaji, Fiston, na watu wakaupenda mno. Wakarushiana kwa simu, kutoka Mweso mpaka Sake, na hakuna pikipiki yenye spika iliyopita barabarani bila kuupiga.

Siku ya soko, muuza simu mmoja akafungulia wimbo kwa sauti kubwa. Huko kilimani Gaju, yule ng'ombe mwekundu anayeongoza wenzake, akausikia. Akavunja uzio, wengine nyuma yake, wakakatiza shamba la maharage la Mama Anastasie, wakaingia sokoni na kusimama mbele ya spika wakiikodolea macho. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Gaëlle naye alicheka, hadi alipomwona Papa Léonard anateremka mbio, fimbo mkononi, anaita, anaita tena, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyemgeukia.

"Ile sauti iko yangu," mzee alisema, akihema. "Nani alitia mule?"

Fiston, aliyekuwa kando ya spika, akarudi nyuma hatua moja. "Papa, mi naimba tu. Sauti njo Gaëlle alitia."

Na ilikuwa kweli. Wa kuomba ni yule anayekata na kubandika, na Gaëlle alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale sokoni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Akajitokeza. "Ni mie, Papa. Nilizani haina mwenyewe."

Papa Léonard hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mutoto yangu, kila mara naita, natoa munyu, wanalamba chumvi yao. Toka bado niko kijana, sijaita bure hata siku moja. Njo maana wanakuya. Sasa wimbo yako inaita kila saa, wanakuya, hawakute kitu. Wananiona muongo." Akafuta jasho. "Na Papa Barthélemy alishasema: kama ngombe hawanisikie, atatafuta muchungaji mwingine. Mi nitaenda wapi?"

Gaëlle alirudi studio akaufuta wimbo kila mahali alipoweza kuufuta. Fiston alinuna, hakumwamkia tena. Lakini wimbo ulikuwa umeshaingia katika simu za watu, na maji yakimwagika hayazoleki. Uliendelea kulia barabarani, sauti ya mzee inaahidi chumvi kutwa nzima na haitoi.

Kulipokucha alipanda kilima na chumvi kwenye bakuli. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo hakujililia. Aliomba radhi, kisha akauliza afanye nini.

"Mi nitatafuta mwito mupya," alisema Papa Léonard. "Utakuwa unashika munyu. Ila simu ibaki chini."

Basi Gaëlle akaiacha simu kwa Mama Anastasie, ambaye pia alimdai siku za kupalilia maharage yaliyobaki, na akawa anapanda kila asubuhi. Mzee alijaribu, akakohoa, akajaribu tena. Ng'ombe walimtazama tu. Kisha asubuhi moja, umande ungali kwenye majani, mwito ukatoka: mfupi, wa juu, wenye mtetemo mwishoni kama mtu anayejizuia kucheka. Gaëlle hakuwahi kusikia kitu kizuri namna ile maishani mwake. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko mtupu. Siku hiyo Gaju alikuja, akalamba chumvi, na kesho yake wakaja wengine.

Papa Barthélemy alipopanda kukagua, mambo yalikuwa bado mabichi. Akasema, "Basi waite." Na kama kwamba shetani alikuwa ameagizwa, pikipiki ikapita barabarani chini, spika inapiga wimbo wa Fiston. Mwito wa zamani ukapanda mlima. Gaju akageuza kichwa kuelekea barabarani, akapiga hatua. Gaëlle akamsogezea mzee bakuli la chumvi.

Papa Léonard akavuta pumzi, akaita mwito mpya.

Gaju akasimama. Akatazama barabara, akamtazama mzee. Kisha akageuka, akaja polepole mpaka akatumbukiza pua katika kiganja cha mzee, na wenzake wakamfuata. Papa Barthélemy akaitikia kwa kichwa, akauliza kama kuna maziwa.

Papa Barthélemy alipokwisha kuondoka, Gaëlle alishindwa kujizuia. Alikuwa Gaëlle, angefanyaje? "Papa, naomba ruhusa. Hii mupya, nirekodi. Kidogo tu."

"Apana," alisema Papa Léonard.

Gaëlle akainamisha kichwa. "Merci, Papa. Nimesikia."

Mzee akatabasamu, akamwekea mkono begani.

"Lakini ile ya zamani, chukua. Ni yako. Wewe njo uliimaliza munyu."

Gaëlle akateremka kilima, bakuli tupu mkononi.