Hitilafu ya Waya kwa Mama Lusekelo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama mbele ya ukuta wa nyumba ya watu hapa Tunduma, koleo mkononi, nimekasirika mpaka natamani kuuliza ule ukuta nimeukosea nini. Nilikuwa bado msichana, fundi wa kampuni ya simu, nguvu ninazo, ngazi nabeba mwenyewe begani. Wanaume tuliofanya nao kazi walizoea kusema mwanamke hawezi ufundi wa simu, na nyumba ile moja ilikuwa inawapa ushahidi. Kuishi kwingi kuona mengi, lakini yapo mengine ukiyaona unajiuliza kwa nini yalikuchagua wewe.

Nyinyi wa sasa mnabonyeza simu na dunia inafunguka. Hamjui tulikotoka, na mkielezwa mnapiga miayo. Wakati ule intaneti ya nyumbani ilikuja kwa waya uleule wa simu ya mezani. Fundi unafika kwa mteja, unafungua kiboksi cha ukutani, unaunga waya, unaweka filta ili simu isivume, halafu unavuta waya mwingine hadi kwenye modemu. Kisha unasubiri. Taa ya laini inapepesa, inapepesa, halafu inatulia. Ikitulia, kazi imekwisha, unakunywa chai unaondoka. Isipotulia, siku yako imeharibika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mama Lusekelo, mjane wa Kindali. Alishuka na mumewe kutoka milima ya Ileje miaka mingi nyuma, wakafanya biashara ya mahindi hapa mpakani hadi mume akafariki. Nyumba iko juu kwenye mwinuko, ukisimama uani unayaona malori yamejipanga kuelekea Nakonde. Wanunuzi wa kutoka Zambia walimwita mayo, yaani mama, na hata sisi wengine tulimwita hivyo tukisahau. Mtoto wake aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, huyo Lusekelo, aliyekuwa na kazi nzuri Dar es Salaam. Ndiye aliyeomba laini ya mama yake iwekwe intaneti. Alimletea na kompyuta, akamwonyesha mahali pa kubonyeza ili waonane sura kila Jumapili baada ya ibada.

Niliifunga mimi. Taa ikatulia vizuri kabisa. Mama akauona uso wa mwanawe kwenye kioo cha kompyuta, akacheka, akamwambia amekonda. Nikaondoka moyo mweupe.

Miezi ikapita, mvua za masika zikaja. Maji yakaingia kwenye kiungo cha nje, laini ikafa yote, simu na intaneti pamoja. Hiyo ilikuwa hitilafu ya kweli, na nilikwenda nikairekebisha. Nikabadilisha kiungo, nikakifunika, nikahakikisha tone haliingii tena. Niliamini nimemalizana na nyumba ile.

Haikupita muda, simu ofisini: kwa Mama Lusekelo hakuna intaneti. Nikaenda. Kwenye nguzo laini nzima. Nikaingia ndani, nikafungua kiboksi, nikakuta ncha moja ya waya imetoka kwenye skrubu. Nikasema labda sikukaza. Nikakaza. Taa ikatulia. Mama akanipa kande na maziwa ya mgando, akaniuliza habari za kwetu Igamba, kahawa imechanua vipi, mama yangu anaendeleaje na miguu. Nikaondoka.

Ikakatika tena. Nikaenda tena. Ncha imetoka tena.

Mwanangu, hapo ndipo nilipoanza kuumwa kichwa. Nilibadilisha kiboksi. Ikakatika. Nilibadilisha waya wa ndani wote, nikaupitisha juu karibu na dari nikidhani ni panya. Ikakatika. Nilimlaumu mbuzi wa jirani, maskini ya Mungu, mbuzi ambaye hakuwahi hata kuingia kwenye ile nyumba. Nikamlaumu fundi wa kuchomea vyuma aliyekuwa na karakana pale chini, nikamfuata kabisa, tukajibizana mbele ya wateja wake. Kila nilipofika kwa mama yule nilipokelewa kwa upole uleule, chakula kilekile, maswali yaleyale, na kila nilipouliza nani aligusa kiboksi alinijibu kwamba hapo nyumbani yuko peke yake na Mungu wake.

Na Lusekelo naye hakulala. Alipiga simu ofisini akasema wamempelekea mama yake fundi asiyejua kazi. Alipiga tena akasema atafika ngazi za juu. Mkubwa wangu wa kazi, Fundi Simbeye, mtu mpole kwa kawaida, aliniita akaniambia wazi kwamba nikishindwa safari ijayo atanitoa kwenye ufundi anipeleke stoo nikahesabu nguzo. Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akasema stoo kuna kivuli, ngozi yangu itapendeza. Nilichukua begi langu la vifaa nikatoka.

Siku hiyo nilifanya kazi kama mtu anayeapa. Nilikaza skrubu mpaka mkono ukauma. Nilipima laini, nikapima tena, nikamwita mama aje aone taa ilivyotulia, nikamwambia sasa hii hata tetemeko haliigusi. Akaitikia kwa kichwa, akasema Mungu akubariki. Nikabeba ngazi, nikateremka. Nilipofika barabarani karibu na foleni ya malori nikakumbuka koleo nimeliacha juu ya kabati. Nikarudi.

Mlango ulikuwa wazi. Nilipiga hodi huku naingia, kama tulivyozoeana. Na hapo ndani nikamkuta Mama Lusekelo, mwanamke wa miaka ile yote, amesimama juu ya kigoda, kisu cha mboga mkononi, kifuniko cha kiboksi amekishika kwa meno, anachokonoa skrubu niliyoikaza muda mfupi uliopita.

Sijui nilianza na lipi, hofu au hasira. Nilimshika kiuno nikamteremsha, kisha maneno yakanitoka. Nilimwambia kazi yangu iko shingoni kwa sababu yake. Nilimwambia nimegombana na watu wasio na kosa. Nilimwambia kile kigoda kimelegea mguu, angeweza kuanguka na kuvunjika nyonga.

"Ungeanguka hapa, mama, mimi ningemwambia nini mwanao?"

Alikitoa kifuniko mdomoni, akakifuta kwa khanga yake.

"Ungemwambia nimeanguka," akasema. "Angekuja."

Nilikaa kwenye kochi bila kukaribishwa. Yeye akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kunieleza taratibu, bila kulia na bila kunitazama. Zamani Lusekelo alikuwa akija kila Pasaka, na wakati wa mavuno alichukua likizo yake akaja kumsaidia kupukuchua mahindi. Walikaa uani wanasimuliana habari za baba yake. Tangu intaneti iwekwe, hajakanyaga. Pasaka ilipofika alimwambia kwenye kioo, "Mama, kwani si tunaonana?" Mavuno yakafika, akasema vilevile. Halafu mvua zile zilipoiua laini, na kasimu kake kadogo kakawa hakana chaji kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, Lusekelo hakumpata kwa njia yoyote. Akaogopa, akapanda basi, akaja. Akalala pale. Mama alimpikia, akamkung'utia shuka, asubuhi akamsikia anakohoa chumba cha pili kama alivyokohoa alipokuwa mdogo. Kisha mimi nikaja nikarekebisha laini, na mwanawe akaondoka.

"Ndipo nikajua dawa," akasema. "Ila dawa yenyewe imeisha nguvu. Siku hizi ikikatika hanifuati mimi, anakufuata wewe."

Akaongeza kwamba mara moja ule waya ulimuuma kidoleni, simu ilipoita akiwa ameushika. Alilisema hilo kwa kunung'unika, kana kwamba ni mimi niliyeutuma.

Mwanangu, nilikuwa na hasira bado. Usidhani hasira inakatika kama taa. Lakini sikuijua tena nimwelekezee nani. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikuwa nimezaa bado, lakini nilielewa. Aliniomba nisimwambie mtu. Nikamjibu ukweli, kwamba siwezi kusema laini ni mbovu wakati ni nzima, na siwezi kukubali jina la fundi asiyejua kazi. Nikamwambia nitasema laini haina tatizo, basi, mengine atayasema mwenyewe. Akafikiri, akasema ni haki. Nikauunga waya upya, nikachukua koleo langu.

Kabla sijafika ofisini Lusekelo alikuwa ananipigia mimi mwenyewe. Alianza kwa ukali wake. Nilimwacha amalize, nikamwambia laini ya mama yake ni nzima tangu nguzo hadi modemu, naapa kwa kazi yangu.

"Kama ni nzima, hitilafu iko wapi?"

"Iko huko kwako, kaka," nikamwambia. "Njoo, nitakuonyesha kwa macho. Kwa simu sisemi."

Alikata simu. Nikajua sasa stoo inanihusu. Nilimweleza Fundi Simbeye kwamba mteja anakuja mwenyewe, naye akashika kichwa, akaniuliza kama nina akili timamu kumwita mteja mwenye hasira kutoka Dar es Salaam.

Alikuja kweli. Alikuja kunishtaki. Alishuka kwenye basi amevimba uso kwa safari, akapitia ofisini, akatuchukua mimi na mkubwa wangu tukapanda naye hadi nyumbani. Hata shikamoo kwa mama yake aliitoa haraka, kama mtu anayepiga mhuri. Akaniambia nionyeshe.

Nikafungua kiboksi. Nikamwonyesha skrubu, ilivyochubuliwa na kisu. Nikamwonyesha kisu chenyewe, kiko jikoni na vitunguu, ncha yake imepinda. Akauliza ni nani anafanya mambo haya. Mimi nikamgeukia mama yake. Simbeye akanitazama, akatazama chini.

"Ni mimi, baba," mama yake akasema. Walivyo wazee wa kwetu, mtoto wa kiume waliyempenda humwita baba.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alikasirika. Alimuuliza mama yake kama anajua yeye mwanawe ameacha nini kazini, kama anajua amewatukana watu wangapi kwa ajili ya huo waya, kama ni mtoto mdogo wa kucheza na vyombo. Mama akamwacha aseme yote. Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, "Kile kioo, nikikuona umekonda siwezi kukupa chakula."

Lusekelo akatoka uani. Tulimwona amesimama anatazama malori, mikono kiunoni, kwa muda mrefu. Aliporudi alimwomba radhi Fundi Simbeye, kisha mimi. Aliniomba radhi vibaya, kwa kunung'unika, lakini aliomba. Halafu akamuuliza mama yake mahindi ya mwaka huu yako wapi, yamepukuchuliwa au la. Hayakuwa yamepukuchuliwa. Akavua shati la safari, akakaa chini, akaanza kupukuchua.

Sisi tukaondoka. Njiani Simbeye aliniambia tu kwamba kesho kuna mteja kule Mpemba ananisubiri, nisichelewe.

Sitakudanganya kwamba Lusekelo aligeuka malaika. Pasaka iliyofuata alikuja, na mavuno alikuja. Mwaka mwingine alikosa, akawa na sababu zake, na mama yake alininung'unikia sokoni kwa muda mrefu nikiwa na mzigo kichwani. Lakini kiboksi hakukigusa tena. Aliniambia hana haja, kwa sababu sasa mwanawe anajua. Walionana kwenye kioo na walionana kwa mikono, hadi mama yule alipofariki, na Lusekelo alikuwa pale pale kitandani kwake. Hilo nililishuhudia mwenyewe, nilikuwa mmoja wa waliopika msibani.

Sasa nakutazama wewe, mwanangu, nachoka. Mna simu mbili mbili. Mnamtumia mzazi picha ya sahani ya pilau mkasema tumekula pamoja. Mnamwimbia heri ya kuzaliwa akiwa ameshika simu mbali na macho kwa sababu haoni vizuri, mkaona mmemaliza wajibu. Akinyamaza mnasema mtandao unasumbua. Mnanunua bando kubwa zaidi! Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sura ya mbali haichoti maji, haiwashi moto, haimkandi mtu miguu.

Nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Kama umepewa kazi ya kutengeneza vitu vya watu, na kitu kilekile kinaharibika kila unapokipa mgongo, acha kidogo kukitazama hicho kitu, mtazame mwenye nacho. Kula chakula chake bila haraka, sikiliza anachokuuliza. Na kama wewe ndiye mtoto uliye mbali, piga simu, ndiyo, piga kila siku ukiweza, sikukatazi. Lakini usimwambie mama yako "kwani si tunaonana." Panda basi. Nenda ukiwa mzima, usisubiri aanguke ndipo upate nauli na ruhusa. Nenda hata kama mtagombana, maana hata kugombana kwa karibu kuna joto lake. Mgeni njoo mwenyeji apone. Sembuse mgeni akiwa ni mtoto wa tumbo lake.

Mungu akupe kazi isiyokuaibisha na mikono inayoaminika majumbani mwa watu. Akulinde barabarani, kwenye mteremko na kwenye mlima. Na siku utakapopiga hodi nyumbani kwenu, akujalie sauti ya kukuitikia kutoka ndani iwe ileile uliyoizoea.