Baraka Iliyotolewa Majina

Mume wangu aliacha kutujua pole pole. Kwanza alisahau mipaka ya shamba, akawa anaingiza ng'ombe kwenye maharage ya jirani. Kisha akawasahau wanetu, akianzia kwa mdogo na kupanda juu. Mimi nilibaki wa mwisho. Siku hizi asubuhi ananiamkia shikamoo, mimi mke wake, nami naitikia marahaba, maana nikinyamaza anadhani amekosa adabu.

Nilikuwa bado nimo kichwani mwake watafiti wa ugonjwa wa kusahau walipofika kwetu Endasak. Walimhoji, wakamtoa damu, wakarekodi maneno yake. Binti mmoja kati yao, wa Mbulu mjini, akatueleza kwamba yote yatawekwa kwenye ghala la mtandaoni. Mtafiti wa nchi yoyote akiomba na kukubaliwa, anafungua na kusoma.

"Na huko kwao ng'ambo wanasahau?" nikamwuliza.

"Wanasahau, bibi. Sana tu."

"Pamoja na dawa zao zote?"

"Ndiyo maana tunatafuta."

Akasema majina yetu yataondolewa, asiwepo wa kututambua. Nikashukuru kweli. Kuna watu wanaosema ugonjwa huu ni laana ya ukoo, na nina wajukuu hawajaolewa. Tukaweka dole gumba kwenye karatasi zao.

Kwetu mgeni aliyekula haondoki bila baraka ya mzee. Walipomaliza ugali na maziwa, mume wangu akasimama, wala hakuambiwa na mtu. Akaomba mvua, akaomba majani ya ng'ombe, halafu akatutaja mmoja mmoja. Sijui yale majina yalitoka wapi. Watoto wote, hata yule tuliyemzika mchanga, na mimi mwishoni. Tukawa tunaitikia kila jina, wengine wanalia. Chombo cha kurekodi hawakuwa wamekizima.

Tangu siku ile hajanitaja tena.

Mvua zikapita, nikashindwa kuvumilia, nikampigia yule binti. Nilitaka kitu kimoja tu, kumsikia mume wangu akiniita. Akasema ghala lile hufunguliwa na watafiti peke yao, lakini ataniombea kwa wakubwa wake. Aliomba, Mungu amlipe. Akaja na bodaboda, kompyuta mgongoni, tukaketi mlangoni, mzee katikati yetu.

Sauti ikatoka. Yake kabisa, hadi kikohozi. Akaomba mvua, akaomba majani. "Mungu ambariki," akasema, kisha kimya, kisha sauti zetu za siku ile zikaitikia. "Mungu ambariki," kimya tena.

"Mbona inakatika?"

Binti akainama. "Ni majina, bibi. Yalitolewa kabla ya kuwekwa kule. Tuliwaahidi."

"Na ile ya kwanza, yenye majina?"

"Ilifutwa. Hilo nalo tuliahidi."

Nimlaumu kwa lipi? Nikaanza kuyajaza mwenyewe kila palipokuwa kimya, kwa mpangilio wake, maana nayakumbuka yote. La mwisho nikalinyamazia. Lile nililitaka kutoka kinywani mwake.

Mume wangu alikuwa akisikiliza, kichwa kakiinamisha upande.

"Huyu mzee ni nani?" akamwuliza binti.

"Ni wewe, babu."

Akacheka. "Mimi? Mimi nawajua watu wangu. Huyu amewasahau wa kwake." Kisha akanigeukia kwa upole. "Mama, mke wake unamjua? Nifikishie pole."

Nikamwambia nitamfikishia.